Mwongozo kamili: Rotterdam mpaka Bahari Nyeusi kwa boti, kupitia Rhine, Main na Danube

Tangu tarehe 25 Septemba 1992 unaweza kutoka Rotterdam, upande wa Bahari ya Kaskazini, ukafika Bahari Nyeusi bila boti yako kugusa nchi kavu hata mara moja. Siku hiyo ndo ulifunguliwa mfereji wa Main-Danube unaounganisha mito miwili mikubwa ya Ulaya. Njia nzima ni kama km 3,500 hivi: unapanda Rhine mpaka Mainz, unaingia mto Main mpaka Bamberg, unapita mfereji wa km 171 mpaka Kelheim, alafu unashuka Danube mpaka baharini. Mfalme Charlemagne alijaribu kuchimba njia ya kuunganisha mito hii mwaka 793 ikamshinda, kwa hiyo watu wameiwaza kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia moja kabla haijakamilika kwa ukubwa huu wa sasa.

Naandika kwa ajili ya Waswahili walioko Ulaya wenye boti ndogo au wanaofikiria kununua, na pia kwa yeyote anayeona yale matishari marefu yanapita Köln au Vienna akajiuliza wanajuaje pa kupita. Nitasema mapema kitu ambacho naona ndo muhimu kuliko vyote: kwenye mito hii anayepanga safari ni maji, sio ramani. Mtu aliyezoea bahari au ziwa anafikiria upepo na mawimbi, huku unafikiria kina cha leo, mkondo wa leo, na meli ya mita 110 inayokuja nyuma ya kona. Ukijua kusoma hivyo vitatu mengine yote unajifunza njiani.

Hatua ya 1: boti na makaratasi

Kwanza injini. Boti yako iweze kwenda angalau km 12 kwa saa kwenye maji yaliyotulia, na 15 ndo nzuri zaidi, manake kati ya Koblenz na Bingen mkondo wa Rhine unakuja dhidi yako kwa km 6 mpaka 8 kwa saa na maji yakijaa unazidi hapo. Boti ya km 9 kwa saa itaunguruma siku nzima inachoma dizeli na bado unaliona lile lile kanisa ukingoni. Kina cha boti chini ya maji kisizidi mita 1.2 kama unataka kulala usingizi mzuri mwezi wa nane. Juu ya maji, madaraja ya mfereji yana nafasi ya mita 6, kwa hiyo mwenye tanga analaza mlingoti Uholanzi na kuusimamisha tena akifika Bahari Nyeusi.

Leseni: Ujerumani injini ikizidi kilowati 11.03 (nguvu farasi 15) lazima uwe na leseni, lakini kwenye Rhine kikomo ni cha chini zaidi, kilowati 3.68 tu, yaani farasi 5. Wageni wengi wanatumia cheti cha kimataifa kinachoitwa ICC, na hakikisha cheti chako kimeandikwa kinahusu maji ya ndani, sio pwani peke yake. Ili kukipata hicho cha maji ya ndani utafanya mtihani wa CEVNI, hizi ni kanuni za pamoja za mito ya Ulaya zilizotungwa chini ya Umoja wa Mataifa. Rhine ina kanuni zake zinazofanana na hizo kwa sehemu kubwa, zinasimamiwa na tume yenye makao Strasbourg ambayo asili yake ni mkutano wa Vienna wa 1815, na ni chombo cha kimataifa cha zamani kuliko vyote ambacho bado kinafanya kazi. Mkataba wake wa Mannheim wa 1868 ndo unaofanya meli zipite Rhine bila kulipia ushuru wa kupita. Danube nayo ina tume yake iko Budapest, mkataba wake ulisainiwa Belgrade mwaka 1948.

Redio koli usiikose hata kama sheria ya boti yako haikulazimishi. Iwe na mfumo wa ATIS, ule unaotuma namba ya boti kila ukiachia kitufe, na wewe uwe na cheti cha kuitumia. Chaneli 10 ndo ya meli kwa meli. Bima, usajili wa boti, laifu jaketi kwa kila mtu, nanga ya kweli yenye mnyororo (sio ile ya mapambo), kamba ndefu nne na dafrao (vile vikinga vinavyoning'inizwa ubavuni boti isigonge ukuta) nyingi kuliko unavyofikiria utahitaji.

Hatua ya 2: soma maji kabla hujawasha injini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndo moyo wa safari.

Mito hii ina vipimo vya maji ukingoni na kila kimoja kinaitwa kwa jina la mji wake. Kwenye Rhine kila mtu anaangalia Kaub, mji mdogo kwenye km 546, kwa sababu hapo ndo pana kina kifupi kuliko sehemu nyingine za njia. Sasa watu wanakosea kudhani namba ya kipimo ndo kina cha mto, wanaona kwenye habari "Kaub sm 30" wanafikiri mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Sio hivyo. Kipimo kikisoma sm 78 basi njia ya meli ina uhakika wa mita 1.90, kwa hiyo chukua namba ya kipimo ujumlishe sm 112 hivi upate kina halisi. Tarehe 22 Oktoba 2018 Kaub ilishuka mpaka sm 25, maana yake njia ilikuwa na kama mita 1.37 tu. Tishari la mita 110 likijaa linazama mita 3 na zaidi, kwa hiyo siku hizo meli zilikuwa zinapita na sehemu ndogo tu ya mzigo, na dizeli ikapanda bei na kuadimika kwenye vituo vya mafuta sehemu za kusini na magharibi ya Ujerumani. Ukame mwingine mkubwa ukaja 2022.

Kwa boti yako ndogo maji machache sio lazima yakuzuie, ila yanabana. Njia inakuwa nyembamba na matishari yote yanajazana katikati, hayana pa kukupisha. Alafu kuna jambo ambalo baharini hulioni sana: kwenye maji mafupi boti ikienda kasi inazama zaidi, sehemu ya nyuma inashuka. Ukiona wimbi la nyuma linakua kubwa ghafla na usukani unakuwa mzito, punguza spidi hapo hapo, mchanga uko karibu.

Maji yakijaa nayo yana sheria. Kuna alama mbili, ya kwanza na ya pili. Kaub alama ya kwanza ni mita 4.60, hapo meli zinapunguza mwendo na zinakaa katikati ya mto. Alama ya pili ni mita 6.40 na hapo kila chombo kinasimama, hakuna mjadala.

Vipimo vyote vya Ujerumani viko bure kwenye tovuti ya serikali inayoitwa ELWIS, pamoja na matangazo ya malango (yale yanayopandisha na kushusha boti, nayaeleza hatua ya 6) yaliyofungwa kwa matengenezo. Iangalie kila asubuhi kabla ya chai. Ratiba ninayoipendekeza ni kutoka Rotterdam mwezi wa tano, uwe Kelheim katikati ya mwezi wa sita, ushuke Danube kabla maji hayajapungua ya mwezi wa nane mpaka wa kumi. Majira ya baridi mfereji unaweza kufungwa kwa barafu, usijaribu.

Hatua ya 3: nani anampisha nani

Boti ya chini ya mita 20 inahesabiwa chombo kidogo, na chombo kidogo kinampisha mkubwa. Basi. Usisubiri tishari likukwepe, likiwa limejaa na linashuka na mkondo halisimami kirahisi, na nahodha wake anaweza asikuone kabisa ukiwa mbele karibu ya pua.

Kitu kinachowachanganya wengi ni ubao wa bluu. Ukingoni mwa kila kona upande wa ndani mkondo ni mpole, upande wa nje ni mkali. Meli inayopanda mto inatafuta upande mpole ili isichome mafuta, na kwa kuwa kona zinabadilika kushoto kulia, nayo inavuka vuka mto. Kwa hiyo sheria inasema anayepanda ndiye anayechagua upande wa kupishana, anayeshuka anafuata. Kama wanapishana kushoto kwa kushoto hakuna ishara. Kama anayepanda anataka wapishane kulia kwa kulia anainua ubao wa bluu wenye taa nyeupe inayomulika, upande wa kulia wa chumba cha usukani, na anayeshuka anamjibu kwa ubao huo huo. Wewe mdogo huna ubao huo wala huutoi, ila ukiuona ujue meli hiyo itakuja upande usioutegemea, basi sogea mapema uonekane umeamua. Kusitasita katikati ya njia ndo kunaua watu.

Honi nazo zijue kwa kichwa: mlio mmoja mrefu ni tahadhari, mfupi mmoja nageuka kulia, miwili mifupi nageuka kushoto, mitatu narudi nyuma, minne siwezi kuongoza chombo. Ukisikia mfululizo wa milio mifupi mifupi sana ni hatari ya kugongana, angalia nyuma yako kwanza.

Hatua ya 4: maboya, madaraja na namba za ukingoni

Kulia na kushoto kwa mto vinahesabiwa ukiwa umeangalia maji yanakoelekea. Maboya mekundu ya mviringo wa kopo yako kulia, ya kijani yenye ncha yako kushoto. Kwa hiyo wewe unayepanda Rhine mekundu yatakuwa kushoto kwako, na ukishaanza kushuka Danube yanahamia kulia. Andika kwenye karatasi ubandike mbele ya usukani, siku ya kwanza Kelheim kila mtu anachanganyikiwa.

Na namba za kilomita pia zinageuka. Rhine inahesabiwa kutoka daraja la Konstanz kushuka, kwa hiyo Köln ni km 688, Duisburg 780, na zinaongezeka mpaka baharini. Danube ni kinyume, sifuri iko Sulina mdomoni mwa mto, Kelheim iko karibu na 2,411, na chini kabisa kati ya Brăila na bahari wanahesabu kwa maili za baharini kwa sababu meli za bahari kuu zinafika mpaka pale. Ukiita msaada kwenye redio taja mto, kilomita na upande wa ukingo, hapo watakupata.

Madaraja: almasi moja ya njano juu ya tundu la kupita chini ya daraja maana yake pita hapa ila mwingine anaweza kuja kutoka mbele, almasi mbili maana yake pita, wa mbele haruhusiwi. Ubao mwekundu wenye mstari mweupe katikati ni marufuku.

Hatua ya 5: kupanda Rhine

Rotterdam mpaka Duisburg ni barabara kuu ya mizigo. Hapa utakutana na matagi yanayosukuma matishari sita kwa pamoja yamebeba madini ya chuma kwenda viwandani. Kaa nje ya njia yao lakini usiende kujibanza kati ya zile kuta fupi za mawe zinazotoka ukingoni, na kamwe usitie nanga hapo. Msafara mkubwa ukipita unanyonya maji yote kutoka ukingoni, boti inakaa kwenye mchanga, alafu yanarudi kwa nguvu. Asiyependa fujo za mto Waal, yaani tawi la Rhine ndani ya Uholanzi, anaweza kuanzia Amsterdam kwa mfereji wa Amsterdam-Rhine wa km 72 unaotokea Tiel, bado unaingia Waal ila umekwepa sehemu ya chini.

Baada ya Koblenz milima inabana mto. Loreley, km 554, mto unakuwa kama mita 150 tu kwa upana na kona huoni mbele. Kati ya St. Goar na Oberwesel kuna vituo vya taa vinavyowaambia wanaopanda kama kuna meli kubwa inashuka. Jifunze taa hizo kabla hujafika, sikiliza redio, kaa kulia kwako, usipige picha ukiwa umeshika usukani. Tarehe 13 Januari 2011 meli ya Waldhof iliyobeba tani 2,400 za asidi ya salfa ilipinduka hapo, wawili wakafa, na mto ukafungwa kwa wiki kadhaa. Mabaharia wa kazi yao wamefia hapo, kwa hiyo heshima.

Ukipita mwamba wa Bingen umemaliza pagumu. Kama huna boti na unataka tu kuona kipande hiki, meli za abiria za KD zinaenda kati ya Koblenz na Rüdesheim majira ya joto, kampuni hiyo iko mtoni tangu 1826, na ukikaa mbele utaona kila nilichoeleza hapa kuanzia ubao wa bluu mpaka taa za Loreley.

Hatua ya 6: malango hamsini

Mto Main unaingia Rhine pembeni ya Mainz na lango la kwanza ni Kostheim. Main ina malango 34 mpaka Bamberg, mfereji una 16. Lango ni sanduku kubwa la zege, unaingia, mlango unafungwa, maji yanapanda au yanashuka nawe kama lifti, mlango wa pili unafunguliwa. Kutoka Bamberg malango 11 yanakupandisha mita 175 mpaka kileleni, mita 406 juu ya usawa wa bahari, alafu matano yanakushusha mita 68 mpaka Danube. Hilpoltstein, Eckersmühlen na Leerstetten kila moja linapandisha mita 24.67 kwa mpigo mmoja, ukiwa chini mule unaona ukuta tu na kipande cha mbingu.

Utaratibu ni huu. Ita lango kwa redio ukiwa mbali kidogo, chaneli imeandikwa kwenye ubao na kwenye ramani, sema jina la boti, urefu, na unapanda au unashuka, Kijerumani cha maneno kumi kinatosha. Taa mbili nyekundu moja juu ya nyingine: lango halifanyi kazi, tafuta pa kulala. Nyekundu moja: subiri. Nyekundu na kijani pamoja: linaandaliwa. Kijani: ingia. Meli za mizigo zinaingia kwanza, wewe nyuma yao, na uvumilivu uwe nao manake unaweza kusubiri saa nzima ili uingie na tishari badala ya kufunguliwa peke yako. Baadhi ya malango ya Main yana lango dogo la pembeni la boti ndogo unaloendesha mwenyewe.

Ndani usifunge kamba fundo. Zungusha kwenye chuma cha kushikia kamba kilichoko ukutani, shika mkononi, sogeza chuma hadi chuma jinsi maji yanavyobadilika. Kamba iliyofungwa maji yakishuka boti inaning'inia ukutani, na mwenye kisu karibu ndiye atakayeokoa boti. Mengine yana chuma kinachoelea kinachopanda na wewe, hapo unapumzika, lakini kisu kibaki mfukoni kwa sababu nacho kinaweza kukwama. Tishari la mbele likianza kuondoka pangaboi yake inatupa maji nyuma kwa nguvu, endelea kushika kamba mpaka litoke kabisa.

Hatua ya 7: kushuka Danube

Sasa mkondo uko nyuma yako, raha, lakini boti inayoshuka haitii usukani kwa haraka na kusimama kunachukua urefu mwingi. Ukitaka kufunga ukingoni, geuka kwanza uelekee juu ya mto ndo usogee. Regensburg usipite chini ya daraja la mawe la karne ya 12, maji yanazunguka vibaya kwenye nguzo zake, chukua mfereji wa pembeni wenye lango. Straubing mpaka Vilshofen mto hauna bwawa na ni wa kina kifupi, fuata maboya kwa uaminifu. Wachau nayo inakimbia bila bwawa, na vivuko vya pale vinaning'inia kwenye waya juu ya mto bila injini, vinasukumwa na mkondo, usivikate mbele.

Kutoka Kelheim mpaka mwisho kuna malango 18, na baada ya Gabčíkovo Slovakia huoni lingine kwa zaidi ya km 850. Katikati hapo unapita Budapest, Novi Sad na Belgrade. Beba madumu ya dizeli, kuanzia Serbia kwenda chini vituo vya ukingoni ni vichache. Baada ya Belgrade kuna upepo wa Košava, unavuma kutoka kusini mashariki ukikutana na mkondo na kuleta mawimbi ya bahari kabisa karibu na Golubac. Ukitabiriwa baki bandarini.

Kisha Milango ya Chuma, ambako mto unapita katikati ya milima na upana wake unabaki mita 150 hivi. Zamani pale palikuwa na miamba na maji makali mpaka treni ikawekwa ukingoni kuvuta meli zinazopanda. Bwawa la 1972 lilizamisha yote hayo pamoja na kisiwa cha Ada Kaleh kilichokuwa na watu na msikiti wake. Mabwawa ya hapo ni mawili, jipange kusubiri.

Chini yake Danube ni mpaka wa Romania na Bulgaria kwa km 470, madaraja mawili tu, na mchanga unahama. Boya la mwaka jana linaweza kuwa juu ya kichanga. Maji yakiwa machache fuata mkia wa meli kubwa kwa umbali wa heshima.

Hatua ya 8: viza na mipaka

Hii iwe wazi kwa wenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Congo na kwingineko kwetu. Unatoka eneo la Schengen pale Mohács, Hungary, na wote waliomo botini wanakaguliwa pasipoti, unaingia Serbia kwa utaratibu mwingine kabisa. Alafu unaingia tena Schengen Romania au Bulgaria, ambazo zimejiunga kamili tarehe 1 Januari 2025. Kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haifai, iwe ya mara nyingi au uwe na kibali cha makazi, na masharti ya Serbia uyaulize ubalozi wao kwa maandishi kabla ya kuondoka Rotterdam. Orodha ya watu waliomo botini chapisha nakala kumi.

Mwisho unafika Cernavodă, karibu na km 300, na unachagua. Kulia kuna mfereji wa 1984, km 64, malango mawili, unakutoa Agigea pembeni ya Constanța na kukuokolea kama km 400. Ukienda moja kwa moja unafika Tulcea ambako mto unagawanyika. Mkono wa Chilia uache, uko mpakani na Ukraine na bandari za Izmail na Reni zimeshapigwa kwenye vita, Reni utaipita kwa mbele kabla ya Tulcea kwa hiyo uliza mamlaka ya bandari Galați hali ikoje siku hiyo. Shika mkono wa Sulina ulio ndani ya Romania. Mwenye haraka au mwenye mlingoti wa kusimamisha achukue mfereji, Constanța kuna krini na mafundi. Mwenye wiki ya ziada aende Sulina, na asitoke baharini kama upepo unatoka mashariki, pale mdomoni mkondo na mawimbi vinagongana.